LINDO HALIACHWI: HILA ZA MATAPELI KATIKA MICHEZO YA MTANDAO



Askari anapowekwa lindoni hupewa amri chache zilizo wazi. Haondoki mahali pake mpaka aliyemweka aje kumwondoa. Hampitishi mtu kwa sababu tu amevaa vizuri au amesema kwa ukali. Na mtu akidai kuwa ametumwa na mkubwa, askari humtaka athibitishe. Amri hizo ziliwekwa kwa sababu adui mwerevu hasumbuki kuvunja ukuta, bali humshawishi mlinzi aufungue mlango kwa mkono wake mwenyewe. Katika mazungumzo yetu ya leo tunapenda kueleza jinsi ujanja huo huo unavyotumika kuwaibia watu mali zao katika michezo inayochezwa kwa njia ya mtandao wa intaneti.

Huenda wapo watakaocheka, wakasema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Lakini michezo hii haichezwi na watoto peke yao. Huchezwa kwa kompyuta na kwa simu za mkononi, na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa katika nchi yake, na askari aliyemaliza zamu huicheza kama vile wengine wanavyocheza bao au karata. Ndani ya michezo hiyo mchezaji hujipatia vitu: upanga, ngao, vazi, mnyama wa kufuga, au pambo la bunduki. Vitu hivyo havishikiki kwa mkono, lakini hupatikana ama kwa fedha halisi ama kwa jasho la miezi mingi. Na kwa kuwa vingine ni adimu, wachezaji hubadilishana na kuuziana. Mahali penye soko, ndugu wasikilizaji, mwizi hakosi kufika.

Hebu tutazame yaliyotokea katika mji wa Shanghai, nchini China, mwaka 2005. Mchezaji mmoja wa mchezo uitwao Legend of Mir 3 alimwazima mwenzake upanga wa mchezoni. Mwenzake akauuza upanga huo kwa Yuan 7,200, wala hakumpa mwenyewe fedha hizo. Aliyedhulumiwa akaenda polisi kushtaki, naye akaambiwa kwamba upanga wa mchezoni si mali inayolindwa na sheria. Alitoka pale na uchungu wake, na baadaye akamwendea mwenzake nyumbani na kumchoma kisu hata akafa. Mahakama ilimhukumu muuaji adhabu ya kifo yenye kuahirishwa utekelezaji wake. Basi upanga uliokuwa picha tu katika kioo cha kompyuta ulimwua mtu mmoja na kumtupa mwingine gerezani. Askari yeyote akaaye kwenye meza ya kupokea mashtaka yafaa aikumbuke habari hiyo kabla ya kumcheka mlalamikaji.

Nchini Uholanzi mambo yaliamuliwa kwa namna nyingine. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden, vijana wawili walimpiga na kumtishia kwa kisu mvulana wa miaka 13, wakamlazimisha kuwaachia hirizi na kinyago alivyokuwa navyo katika mchezo wa RuneScape. Wakili wao alidai kuwa vitu hivyo si vitu, na kwa hiyo haviwezi kuibwa. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo. Lakini tarehe 31 Januari 2012 mahakama hiyo ilitamka kwamba vitu hivyo vyaweza kuibwa, kwa kuwa mwenyewe alivitolea muda na juhudi, na kwa kuwa vilikuwa mkononi mwake peke yake mpaka aliponyang'anywa.

Baada ya kuona uzito wa jambo lenyewe, sasa tuzitazame hila zinazotumika.

Hila ya kwanza ni ya kiinimacho. Katika michezo mingi mabadilishano hufanyika katika dirisha maalumu: kila upande huweka kitu chake, pande zote mbili huvitazama, kisha kila mmoja hutoa ridhaa yake. Tapeli huweka kitu chenye thamani, na wakati ambapo mwenzake anajiandaa kukubali, hukiondoa upesi na kuweka kingine kinachofanana nacho kwa sura, au hupunguza sifuri moja katika idadi ya fedha. Kampuni ya Jagex ya mjini Cambridge, Uingereza, iliyoutoa mchezo wa RuneScape mwaka 2001, ililazimika kuongeza dirisha la pili linaloonyesha kwa maandishi kila kinachotolewa na kila kinachopokelewa, ili mchezaji asome mara nyingine kabla ya kukubali. Ni kinga nzuri. Lakini haimfai yule anayebonyeza bila kusoma, na ndiyo maana tapeli kila mara huwa na haraka. Atasema kwamba anaondoka, ama kwamba yupo mnunuzi mwingine anayengoja. Haraka hiyo ndiyo silaha yake.

Hila ya pili ni ile ya kutaka uaminifu. Tapeli husema, "Nipe kwanza wewe, nami nitakupa baadaye, au huniamini?" Au hutangaza kwamba yeye ni tajiri mkarimu, na kila atakayempa fedha za mchezo atazirudisha mara mbili. Mtu akijaribu kwa kiasi kidogo, kweli hurudishiwa mara mbili. Akishalainika moyo, huleta akiba yake yote, na hapo ndipo mwisho wa habari. Katika mchezo uitwao Adopt Me, ambao hupendwa sana na watoto na huchezwa ndani ya Roblox, hila hii ilienea hata wenye mchezo wakaamua kwamba mchezaji asibadilishane wanyama walio adimu mpaka apate leseni, na leseni hupatikana kwa kufaulu mtihani mfupi wa kutambua ulaghai. Kama mtoto hutahiniwa, hatuoni kwa nini mtu mzima ajione amehitimu bila kusoma.

Hila ya tatu ni ya mdhamini wa uongo. Wawili wasioaminiana humtafuta mtu wa tatu wa kushika mali. Tapeli hukubali kwa furaha, na kumtaja mtu anayejulikana kwa uaminifu wake. Kisha mtu huyo hutokea, mwenye jina lile lile na picha ile ile. Lakini siye. Ni mshiriki wa tapeli aliyenakili picha na kuandika jina kwa kubadili herufi moja tu, kama vile kuweka tarakimu ya sifuri mahali pa herufi O. Mali ikishaingia mikononi mwake, wote wawili hutoweka.

Hila ya nne yapasa kuwagusa askari zaidi, kwa kuwa inatumia jina la mamlaka. Mchezaji hupata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua: "Samahani, nimekushtaki kwa makosa kwa wenye mchezo, nikidhani wewe ndiwe uliyeniibia. Akaunti yako itafungwa. Zungumza upesi na mkubwa huyu ili mambo yasuluhishwe." Huyo mkubwa humtaka mchezaji ampe namba ya siri, au amkabidhi mali yake yote "kwa ukaguzi". Ukweli ni kwamba hakuna mtumishi wa kampuni yenye mchezo anayetaka nywila ya mchezaji, wala anayekagua mali kwa kuitaka aletewe. Mtumishi wa kweli anayo mamlaka ya kuona kila kitu pale alipo. Mkubwa anayekuomba ufunguo wa ghala analolimiliki mwenyewe si mkubwa.

Hila ya tano ni ya lango la bandia. Mwaka 2007 polisi wa Uholanzi walimkamata kijana wa miaka 17 aliyeshukiwa kuiba samani zenye thamani ya Euro 4,000 katika Habbo, mahali pa maongezi na michezo palipoanzishwa na kampuni ya Kifini. Samani hizo zilikuwa za kwenye kioo tu, lakini zilinunuliwa kwa fedha halisi. Njia iliyotumika ni kutengeneza kurasa za mtandao zilizofanana na zile za kweli, na wenye akaunti walipoandika majina na nywila zao mle, waliziandika katika daftari la mwizi. Hila hiyo imeendelea kunolewa. Katika soko la Steam, lenye mamilioni ya wachezaji, mwizi akishaingia katika akaunti kwa njia hiyo haibi siku ile ile. Hukaa kimya akiwa na kibali cha siri cha kuendesha akaunti. Siku mwenyewe anapofanya mabadilishano ya halali na rafiki, mwizi huyafuta, na papo hapo huleta mengine kutoka kwa akaunti iliyovikwa jina na picha ya rafiki yule. Mwenye mali hukubali akidhani ni yale yale.

Hila ya sita ni ya malipo. Mtu hununua kitu kwa fedha halisi nje ya mchezo, huonyesha picha ya risiti au ujumbe wa simu kwamba fedha zimekwisha tumwa, na muuzaji humkabidhi mali. Picha huchorwa, na ujumbe wa simu huandikwa na yeyote. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wako wengi waliokwisha kuonja uchungu wa ujumbe wa uongo wa fedha za simu, na hila ni moja. Hata pale ambapo fedha zimeingia kweli kwa kadi ya benki, huenda kadi yenyewe ni ya wizi, na baada ya siku chache benki huzirudisha kwa mwenyewe. Muuzaji hubaki bila mali na bila fedha.

Ndugu wasikilizaji, ukizitazama hila zote sita utaona kwamba zina jambo moja linalozifunga pamoja. Hakuna hata moja ambayo tapeli ameishinda mashine. Kila mara amemtoa mchezaji katika lindo lake: amemtoa kwenye dirisha la mabadilishano, amemtoa kwenye ukurasa wa kweli, ama amemtoa katika utulivu wake wa akili kwa kumtia tamaa, hofu au haraka.

Historia ya kampuni ya Valve ya Marekani, yenye soko hilo la Steam, yathibitisha jambo hilo. Mwezi Desemba 2015 kampuni hiyo ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi. Hapo awali aliyeibiwa aliweza kuundiwa nakala ya mali yake, lakini kila nakala ilizidisha idadi ya vitu adimu na kupunguza thamani ya mali za wengine wasio na kosa. Basi kampuni ikaamuru kwamba mchezaji asiyethibitisha mabadilishano kwa simu yake ya mkononi, mali yake ishikiliwe kwa siku kadhaa kabla ya kutoka, ili mwenye akaunti apate nafasi ya kugundua wizi. Mwaka 2018 iliamuriwa kwamba kitu kilichopokewa katika mchezo wa Counter-Strike kisibadilishwe tena mpaka siku 7 zipite. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ilizuia biashara ya funguo mpya za kufungulia masanduku ya mchezo huo, ikieleza kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikiuzwa sokoni zilitokana na ulaghai, na kwamba magenge ya kimataifa yalikuwa yakizitumia kusafisha fedha haramu. Na mwezi Julai 2025 ikaweka utaratibu ambao mwenye mali ya Counter-Strike aliyetapeliwa aweza kuyatangua mabadilishano yake katika muda wa siku 7.

Hizo ni kuta nzuri, na zimejengwa moja baada ya nyingine. Lakini kila ukuta ulipopanda, tapeli aliongeza juhudi ya kumwita mchezaji atoke nje ya ukuta. Aliyelipwa kwa ahadi, au aliyeuza kwa mtu wa pembeni, hana dirisha la kumlinda wala siku 7 za kujuta.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba si kila mchezo una sheria moja. Katika mchezo wa EVE Online, ulioanzishwa mwaka 2003 na kampuni ya CCP ya nchini Iceland, kuwahadaa wachezaji wengine kwa mali ya mchezo huhesabiwa kuwa sehemu ya mchezo. Mwaka 2009 mkuu wa benki moja iliyoundwa na wachezaji, iliyoitwa Ebank, aliondoka na fedha za mchezo zipatazo bilioni 200 zilizowekwa na wenzake. Kampuni ilimfukuza, lakini si kwa kosa la kuwaibia wenye akiba. Ilimfukuza kwa kuwa aliziuza fedha hizo kwa fedha halisi. Wenye akiba hawakuwa na pa kushtaki. Kwa hiyo mtu asiingie sokoni kabla ya kujua sheria ya soko hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, askari na jamaa zake wafanye nini? Kwanza, mabadilishano yote yafanyike ndani ya dirisha la mchezo, na kwa mara moja, pande zote zikitoa na kupokea pamoja. Asiyekubali hivyo aachwe aende zake. Pili, dirisha la mwisho lisomwe neno kwa neno na sifuri kwa sifuri. Na kitu chochote kikibadilishwa dakika ya mwisho, shughuli ifutwe na kuanza upya. Tatu, nywila na namba za uthibitisho zinazoletwa kwa simu asipewe mtu yeyote, awe rafiki, awe mkubwa. Nne, anwani ya ukurasa iandikwe na mwenyewe. Asifuate njia aliyoletewa kwa ujumbe. Tano, rafiki akileta ombi lisilo la kawaida, aulizwe kwa sauti kwa njia ya simu, kwani akaunti yake huenda imetekwa. Sita, bei ikiwa nzuri kupita kiasi, hiyo yenyewe ni dalili. Tena askari asimtajie mchezaji asiyemjua cheo chake, kikosi chake wala mahali alipo. Tapeli anayekusanya habari za mtu ili amwibie upanga wa mchezoni aweza kuzitumia kwa ubaya ulio mkubwa zaidi.

Kwa ndugu zetu wa polisi tunaongeza haya. Mlalamikaji akija, kijana au mzee, asikilizwe na maelezo yake yaandikwe. Aambiwe asifute mazungumzo yoyote, bali ayapige picha, pamoja na orodha ya mabadilishano inayotunzwa na mchezo wenyewe. Iandikwe namba ya akaunti ya mtuhumiwa, wala si jina lake tu. Kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja, lakini namba haibadiliki. Katika Steam, kwa mfano, kila akaunti ina namba yake ya tarakimu 17. Ikiwa fedha zilitumwa, zitafutwe namba ya simu iliyopokea, siku na saa, kwa kuwa hapo ndipo mwizi wa kwenye kioo anapogeuka kuwa mtu mwenye jina na makao. Mlalamikaji aelekezwe atoe taarifa kwa kampuni yenye mchezo bila kukawia, abadilishe nywila yake, na afute vibali vyote ambavyo hakuvitoa yeye. Na aonywe juu ya tapeli wa pili, yule atakayemjia siku ya tatu akisema kwamba anaweza kuirudisha mali iliyoibwa kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni yule yule wa kwanza aliyebadili kofia.

Hatusemi kwamba watu waache kucheza. Mapumziko ni haki ya kila afanyaye kazi, na askari aliyekesha anastahili burudani yake. Tunalosema ni kwamba tahadhari aliyofundishwa askari isivuliwe pamoja na sare jioni. Anayemtaka mlinzi aondoke lindoni kwa haraka, kwa siri na kwa ahadi nono, hajamjia kwa heri, awe langoni mwa kambi, au awe katika kioo cha simu.